Dakika kumi za muheme

Swali ninaloulizwa kuliko yote, nikiwa katibu wa kikundi cha ngoma, halihusu ngoma. Linahusu saa. "Mtacheza dakika ngapi?" Nikijibu dakika kumi, aliye upande wa pili wa simu hunyamaza kidogo. Najua anachofanya. Anachukua bei niliyomtajia, anaigawanya kwa kumi, na jibu linalotoka linamkera. "Dada, laki sita kwa dakika kumi?" Mwingine huongeza kicheko ili isionekane ni ugomvi: "Hata daktari bingwa hapati hiyo."

Mchana mimi ni fundi cherehani hapa Chamwino, nashona sare za shule na za kwaya. Jioni napiga muheme, ngoma yetu sisi Wagogo. Kikundi chetu kina akina mama wengi na wanaume wachache, kimesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kina mhuri na daftari, na daftari ninalishika mimi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na wazazi wetu walizeeka wakiusubiri. Baada ya 2016 ndipo tukaanza kuona kweli malori ya samani yanaingia. Mji wa Serikali ukaota Mtumba, Ikulu mpya ikazinduliwa hapa Chamwino Mei 2023, treni ya SGR ikaanza kutuletea watu wa Dar mwaka 2024, na kila mkutano unaofunguliwa unataka wageni wapokelewe kwa ngoma ya wenyeji. Wenyeji ndio sisi. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kutosha ya kusikiliza watu wakigawanya kwa kumi.

Semina moja ndiyo iliyonifanya nilitazame jambo hili upya, na aliyenichokoza ni ndege.

Tulikuwa tumefungua semina ya viongozi katika ukumbi mmoja mjini. Tulipomaliza tukaambiwa tusubiri malipo, tukakaa viti vya nyuma na chai yetu. Mwezeshaji, kijana aliyevaa suti iliyomkaa vizuri (nilitazama mishono, siwezi kujizuia), akarusha ukutani picha ya ndege mweupe mwenye shingo ndefu iliyopinda, anaelea kwenye maji yaliyotulia. Bata maji. Akasema kiongozi mzuri anatakiwa awe hivyo: juu ya maji ametulia tuli, lakini chini, mahali wasipoona watu, miguu inapiga bila kupumzika. Akasema wasanii nao ni hivyo hivyo, akanyoosha mkono kuelekea kwetu. "Mmewaona mama zetu hawa? Wamecheza utadhani hawafanyi kazi yoyote!" Ukumbi ukapiga makofi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama huyo ndiye bata bukini wa Hombolo, maana wa Hombolo anamjua, ana kelele na utulivu hana hata chembe. Watu wakacheka, semina ikaendelea.

Baadaye, mlangoni, mtu wa malipo akatukabidhi pungufu ya tulichopatana. Sababu: ratiba ilibana, tukatumia dakika saba badala ya kumi. Akaongeza kwa upole kabisa, "Na nyinyi wenyewe mnajua mama, kwenu hii ni mchezo tu, mmezaliwa nayo." Alikuwa amekaa ukumbini muda wote. Alisikia habari ya miguu chini ya maji, alipiga makofi, kisha akaja kulipia kile kilichoonekana juu, tena kwa dakika.

Njiani kurudi, tumejibana kwenye kirikuu na ngoma zetu, wenzangu walizungumzia pesa. Mimi nilikuwa na yule ndege kichwani. Ule mfano ulinikaa vibaya, na sikujua unanikaa vibaya wapi.

Bata maji si ndege wa huku kwetu. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, lina bata wa porini na mwari, na mvua zikiwa nzuri kinamasi cha Bahi kinajaa ndege wa kila namna. Lakini yule mweupe mwenye shingo ya madaha, kwa asili hapatikani kusini mwa Sahara. Nina binamu anayetunza wazee Uingereza, katika mji wa Reading unaopitiwa na mto Thames. Nikamwandikia: nipigie video ya bata maji, ndefu, na miguu ionekane. Akaniuliza kama nimeanza kufuga. Jumapili iliyofuata akasimama ukingoni na simu yake, akanipigia.

Nimeitazama video hiyo kwenye cherehani mpaka wateja wakazoea kuisikia. Karibu na ukingo maji ni mepesi na miguu inaonekana vizuri: myeusi, mipana, ina ngozi katikati ya vidole. Haipigi bila kupumzika. Mmoja unasukuma, ndege anateleza, halafu mwingine unasukuma kwa wakati wake. Kuna mmoja alikuwa ameukunja mguu kabisa, ameuweka juu ya mgongo, anaogelea kwa uliobaki, na anakwenda. Huyo hakuwa na jasho lolote la kuficha. Kuogelea kwake ni sawa na mimi kwenda dukani.

Kazi yake iko kwingine. Sehemu kubwa ya video, ndege wengine walikuwa wamesimama kwenye nyasi, nje ya maji, wakijitengeneza. Shingo ile ndefu inakwenda nyuma mpaka penye mkia, ambako kuna tezi ya mafuta. Mdomo unachukua mafuta, unarudi kwenye manyoya, unachambua unyoya mmoja mmoja, kifuani, chini ya bawa, tena kifuani. Wataalamu waliwahi kuhesabu manyoya ya aina moja ya bata maji wakakuta yanazidi 25,000. Kila moja linatakiwa lilale mahali pake, la sivyo maji yanaingia. Ule weupe uliorushwa ukutani ukumbini unatunzwa pale kwenye nyasi. Kisha, karibu na mwisho, mmoja akaamua kuruka. Ndege wa kilo kumi na zaidi hanyanyuki kirahisi. Alikimbia juu ya maji, miguu inapiga pa-pa-pa-pa, mabawa yanagonga, maji yanaruka, kelele mpaka binamu yangu akasema "jamani!" Hapo ndipo nilipoona jasho, na lilikuwa wazi mbele ya kila mwenye macho.

Nilichokitazama zaidi, hata hivyo, ni watu. Njia ya miguu ilipita hapo hapo karibu na nyasi. Watu walipita wakikimbia, wakisukuma watoto, wakiongozana na mbwa. Hakuna aliyesimama kuangalia ndege aliyekuwa anachambua manyoya. Mmoja alipoingia majini na kuanza kuelea, simu tatu zikatoka mifukoni.

Nikajua ule mfano ulikuwa unanikaa vibaya wapi. Unasema kazi ya msanii imefichwa. Nani kaificha? Sisi tunafanyia mazoezi uwanjani, chini ya mkwaju, kando ya njia ya kwenda kisimani. Ngoma zinasikika mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ametuletea malalamiko zaidi ya mara moja. Mtu yeyote anaweza kuja kukaa. Hawaji.

(Binamu aliniambia pia kwamba wale bata maji wa Thames wengi ni wa Mfalme, na kila Julai watu wenye makoti rasmi hupita na mashua kuwahesabu na kuwapima afya. Niliwasimulia wenzangu. Mama mmoja akauliza fomu za kujiunga zinapatikana wapi.)

Sasa niseme kilichomo ndani ya dakika kumi, maana nilijaribu kumweleza yule mtu wa malipo mlangoni na hakuwa na muda.

Muheme ni ngoma ndefu yenye kiuno chembamba katikati. Unaibana kwa mapaja, unaipiga kwa viganja, na huku unaipiga unacheza na kuimba. Ni ngoma ya wanawake; asili yake ni unyago, ilikuwa inapigwa wasichana wakichezwa. Aliyenifundisha ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, na kiangazi kizima cha kwanza hakuniruhusu kugusa ngozi. Nilipiga makofi. Nilibeba ngoma za wenzangu kwenda juani na kuzirudisha. Nilikata majani ya kuwashia moto. Nilipolalamika aliniambia nipige makofi huku nikiimba sauti ya pili, nikachanganyikiwa hapo hapo, akaendelea kupepeta mtama wake bila kusema kitu.

Nilipopewa ngoma, kazi ya kwanza ikawa ya mapaja. Ukiibana sana, sauti inakufa na mguu unakufa ganzi. Ukiilegeza, inateleza mbele ya watu. Katikati ya hayo kuna mahali padogo, na mahali hapo panahama kila unapopiga hatua. Siku za mwanzo nilikuwa na michubuko ambayo mume wangu, kwa heshima, hakuiuliza. Juu ya hapo weka wimbo. Kwetu hatuingii wote pamoja: mmoja anatanguliza, wengine wanajibu wakigawana sauti juu na chini, na kila mmoja lazima aisikie sauti ya jirani ili ajue yake inakaa wapi. Hazijaandikwa popote. Ukikosa mmoja, wengine wanaanza kuyumba, na anayetanguliza anatakiwa awarudishe bila mgeni kugundua.

Ngozi nayo ina mambo yake. Ikipata baridi inalegea na sauti inakuwa nzito. Dawa yake ni moto: unawasha majani, unaielekeza ngozi kwenye joto, unagonga, unasikiliza, unaigeuza. Anayefanya hivyo anajua sauti anayoitafuta, na akizidisha, ngozi inapasuka. Sasa nenda kaufanye moto huo kwenye ukumbi wa mikutano wenye vigae na kiyoyozi. Akija kiongozi mkubwa, watu wa usalama wanataka kila kitu kiwe ndani mapema, kimekaguliwa. Tunaondoka Chamwino saa kumi na moja alfajiri, Juni na Julai upepo wa Dodoma unakata masikio, tunawaachia majirani watoto. Saa moja asubuhi ngoma zimeshaingia ndani, zinagongwa na walinzi wanaotaka kujua ndani mna nini. Ndani mna hewa. Mgeni rasmi anaingia saa nne. Kwa muda wote huo ngozi zimekaa kwenye baridi ya mashine, na sisi tumezikumbatia, tumezifunika kanga, tunazisugua kwa viganja ili zishike joto la mwili. Mara moja mpishi mmoja wa ukumbini, Mungu ambariki, alituruhusu tuzisogeze karibu na jiko lake, akatutazama tukigonga na kusikiliza, akasema, "Kumbe na nyinyi mnapika." Huyo alielewa bila semina.

Halafu kuna mzee wetu wa ilimba. Marimba yake, watu wa mjini ndivyo wanavyoiita, ni sanduku la mbao lenye vyuma vingi vilivyopangwa, na marimba kubwa za Kigogo huzidi vyuma hamsini. Kidole gumba hakivigusi vyote. Kuna vyuma vingine ambavyo havipigwi kabisa: vinatikisika vyenyewe jirani yao anapopigwa, na huko ndiko unakotoka ule mvumo unaobaki hewani. Kabla ya kila onyesho mzee anavipanga vyote, anasukuma hiki ndani kidogo, anavuta kile nje, pamoja na hivyo ambavyo hatavigusa. Kijana mmoja mgeni kwenye kikundi alimwuliza kwa nini anapoteza muda na vyuma asivyovipiga. Mzee akampa sanduku. "Sogeza kimoja. Chochote." Kijana akasogeza, mzee akapiga wimbo uleule, na sote tukasikia umepwaya, ingawa hakuna aliyeweza kusema ni wapi.

Tena kwenye sanduku kuna tundu dogo linalozibwa kwa utando mweupe wa mayai ya buibui. Utando huo ndio unaoifanya sauti iwe na ule mlio wa kutetema. Ni mwepesi, vumbi la Dodoma linauchana, kwa hiyo wajukuu wa mzee wana kazi ya kudumu ya kukagua kuta za nyumba na mapango ya mawe kutafuta mwingine. Nani ataniambia hiyo inaingia dakika ya ngapi?

Sentensi inayoniudhi kuliko ile ya dakika ni ile ya kuzaliwa nayo. Wanaoisema humtaja marehemu Hukwe Zawose, kwamba Wagogo ni muziki mtupu, mwangalieni Zawose. Nakubali kuangalia. Mtu aliyetoka huku kwetu, akapiga ilimba na zeze mbele ya watu wa Ulaya, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akafariki mwaka 2003 akiwa ameacha watoto na wajukuu wanaoendelea kupiga na kuimba. Hayo yote ni maisha mazima ya kazi, na mtu anayachukua ili kunithibitishia kwamba hakuna kazi. Bata maji ndiye aliyezaliwa na miguu yake. Mimi yangu nilichubuka.

Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu lawama zote siwezi kuzitupa kwa wanaolipa. Sisi wenyewe tunataka ionekane rahisi. Mama mkubwa alikuwa mkali kwenye jambo hilo kuliko kwenye sauti. "Usikunje uso," alikuwa akisema. "Ukikunja uso, mgeni atakuhurumia, na mtu anayekuhurumia hakutunzi." Msichana aliyehesabu huku midomo yake ikitikisika alitolewa mstari wa mbele. Na alikuwa na haki. Nimewahi kuona kikundi cha vijana kikicheza kwa juhudi kubwa, mishipa ya shingo imesimama, macho yameng'aa kwa hofu ya kukosea, na nilichoka mimi niliyekuwa nimekaa. Wepesi wa juu ni sehemu ya kazi. Unafanyiwa mazoezi sawasawa na sauti ya pili. Tatizo ni kwamba ukiufanikisha vizuri sana, unajinyang'anya bei.

Nyumbani tatizo hilo halipo. Kwenye tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika hapa hapa Chamwino, waliokaa chini kwenye vumbi ni watu waliopitia makofi yao wenyewe. Ngoma ikilegea, bibi mmoja atapiga kelele kutoka nyuma kwamba ngozi imelala, mkaiamshe. Sauti ikiingia mahali pake, anainuka, anakuja mbele na noti yake, anakubandika kwenye paji la uso. Mcheza kwao hutunzwa, na anayekutunza hapa hapigi hesabu ya dakika, kwa sababu anajua unyoya mmoja mmoja ulivyochambuliwa. Ukumbini mjini hakuna anayeruhusiwa kuinuka. Itifaki.

Nilianza kutafuta njia ya kuwapitisha wateja kwenye zile nyasi. Nilichukua daftari nikaandika yote: kirikuu, kaniki, shanga zinazokatika, njuga za wanaume, majani ya moto, jioni za mazoezi za watu ambao wangekuwa wanauza nyanya. Nikampa dada mmoja anayeandaa hafla za maofisi. Alisoma, akasema ni nyingi mno, halafu akafanya kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukifanya. Akauliza mazoezi ni lini.

Akaja kweli, na viatu vyake vya ofisini, tukampa kigoda. Jioni hiyo tulikuwa na shida na kipande kimoja tu, pale sauti za chini zinapoingia baada ya filimbi. Tulikirudia. Tukakirudia. Jua likashuka nyuma ya vilima, tunakirudia. Akauliza mbona hatuimbi wimbo wote. Mama mmoja akamjibu bila kuacha kugonga ngozi, "Mwingine wote tunaujua, mwanangu." Akasikiliza tena. Baadaye kidogo akaanza kukunja uso mahali pale pale tulipokuwa tunakunja sisi, kabla hajajua kwa nini. Aliondoka kabla hatujapata tulichokitafuta, maana barabara ya usiku ilimtia wasiwasi. Alilipa bei kamili, hakuomba kupunguziwa hata shilingi. Kisha akaomba, kwa ajili ya ratiba, tucheze dakika tatu.

Tukacheza tatu. Nasema ukweli, zilikuwa ngumu kuliko kumi, kwa kuwa hakuna nafasi ya ngozi kupata joto. Lakini huyo alijua anachonunua, na sijawahi kumlalamikia.

Vijana wa kikundi wao wakaja na dawa yao: kurekodi mazoezi na kuweka mtandaoni. Wakaweka video ya akina mama wakipasha ngoma moto, wakaweka ya mzee akitafuta utando ukutani, wakaweka na ile ya mimi nikipoteza sauti katikati ya wimbo na kucheka mpaka ngoma ikaniponyoka. Hizo zikatazamwa na watu wengi kuliko onyesho lolote tulilowahi kuweka. Watu wakaandika "kumbe!" Wengine wakauliza bei.

Mama mkubwa, ambaye sasa hachezi ila huja kukaa, alioneshwa kwenye simu. Akaangalia mpaka mwisho, akairudisha simu. "Mnaitoa ngoma nje ikiwa haijavaa," akasema. Kwake yeye moto ni jambo la nyuma ya nyumba, kosa ni jambo la nyuma ya nyumba, na kinachotoka mbele ya watu kitoke kimekamilika. Kijana aliyerekodi akamjibu kwa adabu, "Shikamoo bibi, lakini wanaotulipa hawaji nyuma ya nyumba." Mazungumzo hayo hayajaisha. Tuliweka utaratibu wa muda: moto uoneshwe, ilimba ioneshwe, makosa yasioneshwe. Vijana wanaufuata wanapokumbuka. Mimi nasimama katikati, na nikiulizwa sana, naegemea kwa mama mkubwa moyoni na kwa vijana kwenye daftari.

Jambo moja limebadilika kwangu na sidhani litarudi. Zamani nikisikia mtu ameimba vizuri, nilisema amejaliwa. Siku hizi nikiona kazi yoyote iliyokaa vizuri, namwuliza mwenye kazi swali dogo la nyuma. Fundi aliyenichongea mlango, nilimwuliza mbao aliianika kwa muda gani. Aliacha randa, akaniangalia, akaongea mpaka chai ikapoa. Wanakwaya ninaowashonea sare nawauliza ni kipande kipi kiliwatesa, na kila kwaya inacho. Watu wana njaa ya kuulizwa hilo. Nadhani mwezeshaji wa suti nzuri angeuliza akina mama wale wa viti vya nyuma badala ya kuwanyooshea mkono, angepata semina bora kuliko ya bata maji.

Kuhusu bei, nilijaribu njia ya kuandika kila kitu wazi kwenye profoma. Mstari wa kwanza onyesho, wa pili mazoezi, wa tatu matengenezo ya ngoma, wa nne moto. Mhasibu wa ofisi moja akanipigia. Mtu mwema, sauti ya upole. Mazoezi aliyafuta, kwa maelezo kwamba ofisi haiwezi kulipia kitu ambacho hakikufanyika ndani ya tarehe za mkutano. Matengenezo akaomba nukuu za mafundi watatu. Alipofika mstari wa nne akasita.

"Mama, hapa pameandikwa moto, shilingi elfu ishirini. Ni moto gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri tu.

"Sawa, nimekuelewa. Basi niambatishie risiti ya mashine, ya EFD."

Nikamwambia majani tunakata wenyewe. Akasema katika hali hiyo moto hauwezi kulipwa. Nikaagana naye vizuri, nikamuulizia watoto, nikafungua profoma upya. Nikafuta mazoezi, nikafuta matengenezo, nikafuta moto, nikaacha mistari miwili: onyesho na nauli. Nauli haijawahi kuulizwa na mhasibu yeyote tangu nianze kazi hii. Ukiitazama profoma yetu ya sasa, kutoka Chamwino mpaka mjini Dodoma ni mwendo ambao kwa nauli hiyo kikundi chote kingefika Singida na kurudi. Imepitishwa, imesainiwa, na pesa imeingia.